Katriji Mpya kwa Mkono wa Deki Yako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu wa Nairobi ambao deki zao za santuri bado zina katriji (kile kipande cha ncha ya mkono kinachobeba sindano) zilizotoka nazo kiwandani. Wengi huanza na bei: nina hela hizi, ninunue ipi? Mimi huwarudisha kwenye mkono kwanza. Katriji ghali iliyofungwa kwenye mkono usioiweza hushindwa na ya bei nafuu iliyopata mkono wake, na hilo si suala la ladha ya sikio. Ni uzito na springi, vitu vinavyopimika.

Deki yangu inakubali katriji nyingine?

Inama uangalie ncha ya mkono kutoka juu. Ukiona skrubu mbili zimesimama bega kwa bega, milimita 12.7 kati yao, uko kwenye kundi kubwa. Katriji nyingi zinazouzwa leo hufungwa hivyo, na Technics SL-1200, Audio-Technica AT-LP120X, Rega na Pro-Ject zote zimo humo.

Ukiona katriji imechomekwa kwa nyuma kama plagi na kushikwa na skrubu moja ya ubavuni, hiyo ni T4P, mtindo ulioenea miaka ya 1980. Katriji zake zilitengenezwa kwa kipimo kimoja, gramu 6, na hukaa kwenye santuri kwa gramu 1.25. Hesabu zote za hapa chini hazikuhusu. Kazi yako ni kuitafuta tu.

AT-LP60X ina katriji iliyojengwa pamoja na mkono, kwa hivyo unabadilisha sindano peke yake. Na vile vimashine vya sandukuni vinavyouzwa kama zawadi, vingi havina hata uzani wa nyuma wa kusawazisha mkono. Pesa za katriji ziweke akiba ya deki nyingine.

Nibadilishe katriji nzima au sindano tu?

Mara nyingi sindano tu inatosha, ingawa wauzaji hawapendi kulisema. Mwenye Ortofon 2M Red anaweza kuchomoa sindano nyekundu na kuchomeka ya 2M Blue kwenye mwili uleule. Familia ya Audio-Technica VM95 ni rahisi zaidi: sindano zote, kuanzia ncha ya mviringo hadi ile nyembamba iitwayo Shibata, zinaingia kwenye mwili mmoja. AT-LP120X huja na VM95E, kwa hivyo mwenye deki hiyo ana ngazi nzima ya kupanda bila kushika bisibisi hata mara moja.

Mwili wa katriji una sumaku na koili, na hivyo havichakai haraka. Kinachochakaa ni ncha ya almasi na raba inayoshika kijiti chake. Badilisha katriji nzima ikiwa mwili wenyewe umefika mwisho wa ngazi yake, au ikiwa hesabu ya mkono inakukataa.

Mnasema mkono "mzito". Mbona wangu nikiuinua ni mwepesi?

Uzito unaozungumzwa si ule wa kuulaza mkono kwenye mizani. Ni uzito ambao sindano inauhisi inapojaribu kuusogeza mkono juu, chini na kando. Gramu moja iliyo mbele kabisa, kwenye hedisheli (kichwa cha mkono kinachofungwa katriji), inahesabika karibu yote. Uzani wa nyuma ni mzito zaidi lakini uko karibu na mhimili, kwa hivyo unahesabika kidogo sana. Ndiyo sababu kuvua hedisheli nyepesi ya aluminiamu na kuvisha nzito ya mbao, ambayo mtu anadhani ni urembo, hubadilisha tabia ya mkono mzima.

Mkono wa Technics SL-1200 una gramu 12 pamoja na hedisheli yake. Mikono ya Rega iko karibu na 11. Ule wa Pro-Ject Debut Carbon una gramu 6 tu. Mikono mizito kweli, ya 18 kwenda juu, utaikuta zaidi kwenye deki za zamani.

Na unesaji wa katriji ni nini?

Ni jinsi kijiti cha sindano kinavyokubali kusukumwa. Kinachonesa kirahisi kina namba kubwa, kigumu kina namba ndogo. Ortofon 2M Red ina 20. Denon DL-103, katriji ya Kijapani iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya watangazaji wa redio, imeandikwa 5.

Viwili hivyo vinakutana wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha ukurasa huu, kwa hivyo vumilia hesabu kidogo.

Mkono na katriji ni mzigo; kijiti cha sindano ni springi inayoubeba. Ni mambo ya matatu: springi laini ikibebeshwa abiria kupita kiasi, gari linayumbayumba kwenye kila tuta, springi za lori zikifungwa kwenye gari tupu, unarushwa kitini. Kila mzigo na springi yake vina mdundo ambao vinapenda kutikisika nao. Tunataka mdundo huo uangukie kati ya 8 na 12 Hz, yaani mitikisiko 8 hadi 12 kwa sekunde. Chini ya hapo kuna mawimbi ya santuri zilizopinda, ambayo mengi hayafiki 6 Hz. Juu yake, kuanzia 20 Hz, kuna muziki. Ukiangukia kwa mawimbi, mkono utachezacheza kila santuri inapoinuka. Ukiangukia karibu na muziki, besi itavimba na kuchafuka.

Kuupata mdundo, jumlisha uzito wa mkono, katriji na skrubu kwa gramu. Zidisha kwa unesaji. Tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kisha chukua 159 ugawanye kwa kipeuo hicho.

Tuichukue 2M Red, yenye gramu 7.2, kwenye mkono wa SL-1200. Gramu 12 na 7.2 na skrubu, sema 20. Mara 20 za unesaji ni 400. Kipeuo chake ni 20, na 159 kwa 20 ni karibu 8 Hz. Inaingia, lakini imesimama mlangoni: ukiongeza hedisheli nzito umetoka. Watu wawili wenye katriji hiyohiyo na deki hiyohiyo wanaweza kubishana usiku kucha kama ni nzuri, kumbe mmoja alibadilisha hedisheli.

Sasa mfano mbaya. Mkono wa zamani wa gramu 18, na katriji ya gramu 6 yenye unesaji wa 30. Pamoja na skrubu ni gramu 25, mara 30 ni 750, na mdundo unaangukia chini kidogo ya 6 Hz. Katriji si mbovu na mkono si mbovu. Hawa hawaoani.

Karatasi ya VM95E inasema unesaji ni 7. Si hiyo ni ngumu kuliko kawaida?

Hapana, umesoma kipimo kingine. Kampuni za Kijapani zina desturi ya kupima unesaji kwa 100 Hz, wakati hesabu yetu inataka ule wa 10 Hz. Hakuna njia kamili ya kubadilisha, lakini kuzidisha kwa 1.5 hadi 2 hukufikisha karibu. Kwa hivyo 7 ya VM95E ni kama 12. Katriji hiyo ina gramu 6.1, kwenye mkono wa gramu 12 unapata kati ya 10 na 11 Hz, mahali pazuri kabisa.

Ukiona namba mbili kwenye karatasi, moja ikiitwa ya kusimama (static) na nyingine ya kucheza (dynamic), usichukue ya kusimama. Ni kubwa kuliko hali halisi.

Kwa DL-103, ile 5 iwe kama 9. Kwenye SL-1200, pamoja na gramu zake 8.5, inatoka kati ya 11 na 12 Hz, inakubalika. Kwenye Debut Carbon inapanda karibu 14 Hz. Mtu akikuambia DL-103 haina besi ya maana, muulize kwanza aliifunga kwenye mkono gani.

Deki yangu nimeipata mtumba bila karatasi yoyote. Nitaujuaje uzito wa mkono?

Andika jina na namba ya modeli kwenye intaneti. Miongozo mingi ya zamani imehifadhiwa huko. Usihukumu kwa umbo. Mkono wa S unaonekana mzito lakini ule wa Technics ni wa kati.

Usipopata, jicho lako linatosha. Tafuta santuri iliyopinda kidogo, weka macho usawa wa sahani upande wa mbele, na uitazame katriji ikipanda na kushuka. Katriji inayooana na mkono hupanda mlima pamoja na santuri, na nafasi kati ya tumbo lake na santuri haibadiliki sana. Isiyooana utaiona inachelewa: santuri inainuka, kijiti kinajikunja hadi tumbo linakaribia kugusa, halafu mwili unaruka juu wakati santuri tayari inashuka. Ukiliona hilo, tafuta katriji ngumu zaidi au nyepesi zaidi. Kwenye spika zilizovuliwa kitambaa utaona pia koni za besi zikipiga ndani na nje ilhali hakuna sauti.

Nichukue MM au MC?

MM ni katriji ambayo sumaku ndiyo inayotikisika na sindano; kwenye MC ni koili. Kama unauliza, chukua MM. Inatoa volti nyingi, kama milivolti 4 hadi 5.5, na ampu yoyote yenye tundu la phono, yaani la deki ya santuri, inaipokea. MC kama DL-103 hutoa milivolti 0.3 na inataka priampu (kikuzaji cha awali cha sauti) yenye nguvu zaidi, kwa hivyo bei ya katriji ni nusu tu ya gharama. Tena sindano yake haichomoki. Ikiisha, unaituma ng'ambo au unanunua nyingine.

Kwa MM kuna jambo moja hupuuzwa: kapasitansi, yaani kiasi cha chaji ya umeme ambacho waya na priampu huhifadhi. Audio-Technica wanataka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200 kwa VM95, ukihesabu waya na priampu pamoja. Waya mrefu wa bei rahisi unaweza kuimaliza nafasi hiyo peke yake, na sauti za juu zikawa kali zinazokera. Punguza waya kabla ya kulaumu katriji.

Ncha ipi inafaa santuri za 45 za benga na rumba?

Swali zuri, kwa sababu santuri zetu hazikuishi maisha ya starehe. Sahani ya 45 iliyouzwa River Road miaka ya 1970 imepigwa kwenye baa, kwenye harusi, kwa sindano nzito zilizochakaa, ikarudishwa kwenye bahasha ya karatasi iliyojaa mchanga.

Ncha ya mviringo inapita palepale sindano za zamani zilipopita, kwa hivyo inasoma sehemu iliyolika. Ncha nyembamba kama maikrolaini au Shibata inagusa ukuta wa mfereji kwa mstari mrefu, na mara nyingine hukuta sehemu ambayo haikuguswa. Gitaa la solo linarudi likiwa safi kuliko ulivyowahi kulisikia. Lakini kama ukuta wenyewe umechimbwa, ncha hiyo itakuonyesha kila kovu, na ile ya mviringo itakuwa ya huruma zaidi. Mwenye VM95 anaweza kuwa na sindano mbili na kuzibadilisha kwa vidole, na kwa mkusanyaji wa 45 huo ndio mpango ninaoupendelea kuliko katriji yoyote moja.

Ncha ya duaradufu ni ya katikati na inatosha watu wengi. Fahamu tu kwamba Audio-Technica wenyewe wanaipa saa 300 za kucheza, na maikrolaini saa 1,000. Ukigawa bei kwa saa, ile ghali si ghali hivyo.

Santuri za 78 zinataka ncha pana ya aina yake, kama VM95SP. Usizicheze kwa sindano ya LP.

Nairobi nitaipata wapi, na nitajuaje si feki?

Luthuli Avenue utapata sindano za bei ya chini na maduka ya vifaa vya DJ. Kwa maneno ya watu wanaosikiliza santuri kweli, nenda vibanda vya Kenyatta Market. Hata kama hawana katriji unayoitaka, wanamjua mwenye nayo. Ukiagiza nje, weka VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine za forodha kwenye bajeti kabla ya kubonyeza "nunua".

Feki nyingi ni za sindano kuliko katriji. Tangu Shure waache biashara ya katriji mwaka 2018, sindano zinazojiita Shure "mpya" zinahitaji jicho kali. Omba kuangalia ncha kwa lenzi au kamera ya simu. Kijiti kilichopinda kidogo kando, gundi iliyofura kwenye ncha, au plastiki inayolegea kwenye mwili: rudisha. Muuzaji anayekataa usifungue boksi amekujibu.

Nifunge mwenyewe au nimpelekee fundi?

Funga mwenyewe, mchana, kwenye meza yenye taulo jeupe. Taulo huzuia skrubu zisiruke na kuonyesha zilipoanguka.

Chomoa sindano au uiache na kifuniko chake. Nyaya nne za hedisheli zina rangi zinazokubalika kila mahali: nyeupe ni chanya ya kushoto, buluu hasi ya kushoto, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia. Kila waya unaishia kwenye kikopo kidogo cha shaba kinachovaa pini ya katriji. Shika kikopo chenyewe kwa kibano, si waya, usukume taratibu. Kikigoma usilazimishe: kipanue kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha ujaribu tena. Kikilegea, kibane kidogo ukiwa umekivalisha kwenye kijiti hichohicho ili kisipondeke. Hapa ndipo watu huvunja waya, na waya wa mkono ni mwembamba kama uzi wa nywele za kusuka.

Fundi yeyote akikuambia atapiga lihamu moja kwa moja kwenye pini, mshukuru na uondoke na katriji yako. Joto la lihamu linapanda kwenye pini na kuikata koili iliyo ndani.

Kaza skrubu nusu tu. Kwenye Technics, ncha ya sindano ikae milimita 52 kutoka raba ya nyuma ya hedisheli. Kwa mikono mingine chapisha karatasi ya kupangia, hakikisha printa haikupunguza ukubwa, kisha sogeza katriji mpaka iwe sambamba na mistari kwenye sehemu zote mbili. Ndipo ukaze. Mwili wa VM95 una nyuzi za skrubu ndani yake, kwa hivyo hakuna nati za kutafuta chini ya kochi.

Uzito wa sindano ukiwa mdogo santuri zinaishi zaidi, sivyo?

Si kweli. Sindano nyepesi mno hupoteza mguso, hugongagonga kuta za mfereji, na huko ndiko kuharibu. Fuata kipimo cha kiwanda: 2M Red gramu 1.8, VM95E gramu 2.0, DL-103 gramu 2.5. Mizani ndogo ya kidijitali ni bora kuliko namba zilizochorwa kwenye uzani wa nyuma.

Baridi ya Julai inahusiana na haya?

Inahusiana. Raba inayoshika kijiti hukakamaa ikipata baridi, na unesaji unashuka. Asubuhi ya Julai, chumba cha Limuru Road kisicho na jua si mahali pa kuhukumu katriji mpya. Acha chumba kipate joto, piga upande mmoja wa santuri, kisha sikiliza. Na katriji mpya huhitaji saa kadhaa za kucheza kabla haijalegea.

Nimefunga katriji yenye kimo tofauti kwenye Rega na mkono umeinuka nyuma au mbele. Nifanyeje?

Mikono ya Rega haina skrubu ya kupandisha kimo. Katriji ikiwa ndefu, unaweka pete za chuma chini ya mkono. Ikiwa fupi, kibapa chembamba kati yake na hedisheli. Hicho kibapa kina uzito, rudia hesabu. Tofauti ya milimita moja usijisumbue nayo.

Kuna mngurumo tangu nibadilishe katriji.

Angalia waya wa ardhi kwenye ampu, halafu vile vikopo vinne. Upande mmoja ukinguruma, kikopo kimoja hakijakaa.

Deki imetoka Japani. Inahitaji kitu kabla ya katriji?

Inahitaji transfoma. Stima yetu ni volti 240, yao ni 100. Kama mota inategemea mizunguko ya umeme na deki ilijengwa kwa 60 Hz, kwa 50 Hz yetu itacheza pole pole, karibu asilimia 17, hata ukiwa na transfoma, na itabidi ubadilishe puli ya mota. Waimbaji wakianza kuimba kama wazee, shida haiko kwenye katriji.

Na katriji za DJ, zile zinazochomekwa mzimamzima?

Ortofon Concorde na wenzake zina uzito wa gramu 18.5 kwa kuwa zimebeba hedisheli ndani yake, kwa hivyo usijumlishe hedisheli mara mbili. Zile za kukwaruza hukaa kwa gramu 3 au 4. Kwa kusikiliza nyumbani, chagua nyingine.

Ile ya zamani niitupe?

Usitupe. Ifunge kwenye hedisheli ya pili ikiwa mkono wako unakubali kubadilisha, na iwe ya kuonja santuri za mtumba kabla hujaziosha. Mchanga wa santuri ambazo hazijaoshwa haufai kukutana na almasi yako mpya.